Lyle Anauliza Kama Bado Zipo

Nyumba ya zamani ya Hruska
Kaskazini ya Mullen, Nebraska
2 Machi

Kwa Bwana Lyle na Bibi Ardith Vavra,

Salamu kutoka upande wa pili wa kilima. Mimi ndiye niliyehamia nyumba ya Hruska mwezi wa Desemba. Naitwa Royce Tillquist, nimestaafu udaktari wa meno huko Lincoln. Majina yenu nimeyasoma kwenye sanduku la barua. Simu yenu nimepiga mara kadhaa haikupokelewa, na kuja kubisha hodi sikuthubutu, maana mbwa wenu ana maoni yake kuhusu wageni.

Bwana Lyle, nimekuona barabarani juu ya trekta ukipeleka nyasi, nawe ukaninyanyulia mkono. Hujui ulivyonifurahisha. Huku sijafahamiana na mtu.

Nina ombi, na naomba mlisome hadi mwisho kabla ya kukasirika. Mimi hupiga picha za galaksi. Majira haya ya kuchipua ndiyo msimu wake. Njia Nyeupe, ule mkanda wa nyota zetu wenyewe, sasa usiku wa manane umelala chini kabisa pembeni, na utosini pamebaki dirisha wazi la kuchungulia nje, kwenye miji mingine ya nyota. Katika kundi la nyota liitwalo Mashuke kuna galaksi zimejipanga mstari uliopinda, kama shanga zilizodondoka. Lincoln nilizisaka miaka mitatu nikaambulia wekundu wa taa za maduka. Nimeuza kliniki, nimekuja huku kwa ajili ya giza tu. Giza nimelikuta, isipokuwa taa yenu ya nguzoni, inayonikodolea macho usiku kucha kama askari wa lindo.

Je, mngeweza kuizima?

Wenu jirani,
Royce Tillquist


5 Machi

Bwana Tillquist,

Hapana.

Sababu ni hii. Huu ni msimu wa kuzaa, na zizini mna mitamba. Mtamba anayezaa kwa mara ya kwanza hana akili. Anaangusha ndama, anageuka, anamwona, anadhani ni shetani, anakimbia. Bila taa simwoni, na ndama aliyelowa anaganda upesi kuliko wewe unavyotoa ganzi. Galaksi zako ziko huko tangu enzi na enzi. Zitakusubiri hadi Juni.

Simu sipokei kwa sababu mchana ndio wakati wa kulala. Barua naweza kuisoma zizini nikisubiri.

Mbwa anaitwa Duchess. Hang'ati. Anapenda tu kuogopwa.

Ardith Vavra

Nilitaka kuishia hapo. Lyle anasema nimekuwa mkali mno kwa mgeni. Anakusalimu.


8 Machi

Bwana Lyle na Bibi Ardith,

Nimeona haya. Nilifikiri taa ni ya kuogopesha wezi. Kuhusu ndama sikujua lolote. Nimekulia ghorofani, na mnyama mkubwa niliyewahi kumgusa ni paka wa shangazi.

Shida ni kwamba Juni nitakuwa nimechelewa. Usiku ni mfupi, na Mashuke yanakuwa yameshaanza kuteremkia magharibi. Isitoshe, picha ya namna hii haipigwi mara moja. Kamera inafumbua jicho dakika tano, inafumba, inafumbua tena, na vipande hivyo vinapangwa kimoja juu ya kingine, usiku baada ya usiku, mpaka kile kisichoonekana kianze kujitokeza. Nahitaji usiku mwingi usio na mwezi, wala si usiku kucha. Hata saa mbili tatu tu.

Bwana Lyle, asante kwa kunitetea. Ukiweza, nitetee tena.

Royce


13 Machi

Daktari,

Jana mezani Lyle alisema, "Mpe yule mtu saa zake."

Nikamwambia, "Rahisi kwako kusema. Mimi ndiye nitakayekanyaga samadi gizani."

Akasema, "Ardith, mtu ameacha kung'oa meno ya watu, akaja kukaa kwa Hruska ambako bomba linaganda hata watu wakiwa wanakoga. Mtu hafanyi hivyo kwa mchezo. Huyo ana haja ya kweli."

Kwa hiyo nitazima kuanzia saa nne hadi saa saba usiku, siku zisizo na mwezi. Nitavaa taa ya kichwani, ile nyekundu, Lyle anasema nyekundu haikuudhi. Ikifika saa saba kamili nawasha, hata kama umebakiza galaksi moja.

Tena lifunge lile bomba kwa matambara lisigande. Hruska hakulifunga kamwe, ndiyo maana alikuwa ananuka.

Ardith


24 Machi

Wapendwa majirani,

Nimecheka peke yangu habari ya Hruska mpaka nikasahau kufunga kifuniko cha darubini. Bwana Lyle, wewe ni mtu hatari. Bomba nimelifunga.

Taa ilipozimika usiku wa kwanza nilishtuka kana kwamba mtu ameninyang'anya blanketi. Kisha macho yakazoea. Bibi Ardith, nilikiona kinuru chako chekundu kikitembea zizini, kikisimama, kikiinama. Nilikuwa na kazi yangu nawe ulikuwa na yako, na kwa mara ya kwanza tangu nihamie sikujiona niko peke yangu.

Naambatanisha picha ndogo. Bado ni mbichi, ina chengachenga kama redio isiyoshika stesheni. Lakini tazama katikati: zile mbili zilizokaribiana kama jozi ya macho. Hapo kila doa la ukungu ni nyota nyingi kuliko punje za mchanga zinazojaza pikapu.

Bwana Lyle anasemaje?

Royce


4 Aprili

Daktari,

Bwana Lyle anasema zinafanana na mayai yaliyomwagika kwenye sakafu ya banda. Usihuzunike, kwa kinywa chake hiyo ni sifa. Picha iko kwenye mlango wa friji.

Ndama wanaendelea kuja. Nimepoteza mmoja tu. Nakuletea kolache, mikate midogo mitamu ya plamu, nitaziacha sandukuni. Ziwahi kabla ya panya.

Lyle anauliza jambo. Umesema kwenye barua nyingine nuru hiyo imesafiri miaka milioni hamsini na kitu mpaka kufika kwenye kamera yako. Basi anauliza kama bado zipo. Au ni nuru tu iliyobaki njiani, na mwenye nuru hayupo tena.

Usimjibu kwa haraka. Fikiri kwanza.

Ardith


9 Aprili

Ardith na Lyle,

Nimefikiri siku nne, maana swali hili watu huliuliza kwa kupita tu, lakini naona Lyle hakuuliza hivyo.

Jibu ni kwamba zipo. Nuru ninayoipata iliondoka kabla hajakuwapo mtu wala ng'ombe, lakini kwa galaksi muda huo ni kama mchana mmoja kwetu. Baadhi ya nyota zake zimekufa, ndiyo, na nyingine zimezaliwa. Galaksi yenyewe haiondoki upesi hivyo. Imesogea kidogo, imegeuka kidogo. Tungeweza kufika leo tungeikuta, na tungeitambua.

Niwaambie jambo ambalo sijamwambia mtu. Maisha yangu yote nimeongea na watu waliopanua midomo na wasioweza kujibu. Nawauliza habari za watoto, wananijibu "aaa". Nilizoea. Sikuoa, nilimuuguza mama mpaka akafa, na baada ya hapo nikaona nimeshachelewa kujifunza kukaa na watu. Lyle ndiye mwanamume wa kwanza kunitania tangu nitoke chuoni. Kolache zimekwisha siku hiyo hiyo.

Natamani tukutane. Msimu wenu ukipungua, nije?

Royce


19 Aprili

Daktari

Mimi Lyle. Taa itawaka usiku kucha kuanzia sasa. Si kosa lako. Ardith ana kazi nyingi.

Usije bado.

Samahani kwa mwandiko, shule niliacha mapema.

Lyle V.


21 Aprili

Bibi Vavra,

Juzi nilipoipata barua ya Lyle nilifurahi kama mtoto. Ilikuwa fupi, na ilikuwa na habari mbaya kwangu, lakini ilikuwa ya mkono wake. Jana nikaenda dukani Mullen kununua kitu cha kumpelekea. Nikaona kofia za ngozi zenye vifuniko vya masikio. Nikamwuliza mwenye duka, Virgil, kama anakijua kipimo cha kichwa cha Lyle Vavra.

Akaacha alichokuwa akifanya. "Lyle Vavra yupi?"

"Wa kule kilimani, jirani yangu."

"Bwana," akasema, "Lyle tulimzika Novemba. Mimi nilibeba jeneza upande wa kushoto."

Nikamwambia haiwezekani, nimepata barua yake jana. Watu wawili waliokuwa wakinywa kahawa wakageuka kunitazama. Virgil akazunguka meza akanishika bega, akaniuliza kama nimekula. Nilitoka bila kofia, nikakaa garini mpaka vioo vikafunga ukungu.

Sijui nikuandikie nini. Nimezisoma upya barua zote. Aliyeninyanyulia mkono juu ya trekta ni nani? Aliyesema "mpe yule mtu saa zake" ni nani? Kama ulikuwa ukinicheka, niambie tu, si mara ya kwanza kuchekwa. Lakini nilimwambia Lyle mambo ambayo nisingemwambia mwingine.

Picha nimeiacha. Darubini nimeifunika.

R. Tillquist


Ijumaa, 24 Aprili

Royce,

Sikukucheka. Hilo ulijue kwanza.

Juu ya trekta ni mimi. Koti la Lyle lina joto kuliko langu, na kofia yake inaniingia mpaka machoni.

Tangu Novemba kila bahasha yenye jina lake ilikuwa ya hospitali au ya bima, na wote wameandika "marehemu", kana kwamba alikuwa na jina hilo tangu ubatizo. Halafu ikaja ya kwako. Uliandika kama mtu anayejua ataifungua yeye mwenyewe, na utani wa mbwa juu yake. Niliiweka mezani upande wake, nikala chakula cha jioni nikiitazama. Nilipomaliza kukujibu "hapana", nilimsikia kabisa akisema, Ardith, umekuwa mkali. Nikaandika alichosema. Basi. Baada ya hapo ulimsalimu, naye ilibidi ajibu. Ningekatiza wapi? Kila barua yako ilipokuja alikuwa hai mpaka niifikie sahihi yako. Watu wa hapa wote walimzika, wakatupia na mchanga. Ni wewe tu ambaye hukuwapo.

Najua nimekuchukulia kitu. Nilijua uliposema habari za mama yako na za kutaniwa na Lyle. Siku hiyo ningekuambia, nikashindwa.

Ile barua ya 19 ni mimi, kwa mkono wa kushoto, na hii pia, ndiyo maana mistari inapanda mlima. Wa kulia umevunjika kwenye kifundo. Mtamba alinibana langoni. Ndiyo, taa ilikuwa imezimwa. Usijipe sifa, yule angenibana hata saa sita mchana. Sikutaka ujue, ungejilaumu.

Redio inasema dhoruba ya theluji Jumapili. Nimebakiza mitamba wachache, nitawaingiza bandani. Nakuachia barua hii sandukuni mwenyewe. Una kuni? Jaza na maji ndoo zote.

Usije. Barabara itafungwa na wewe huijui.

Ardith


7 Mei

Ardith,

Tangu nitoke kwako nimelala siku mbili mfululizo, na mikono bado inanuka zizi lako hata baada ya sabuni yote ya nyumba hii.

Naandika, ingawa ningeweza kuvuka kilima, kwa sababu kuna swali lililonishinda kuuliza ana kwa ana. Nilikuwa nalo tangu ile Jumamosi uliponifungulia mlango ukasema, "Si nimekuandikia usije?" nami nikasema, "Umeandika dhoruba ni Jumapili. Leo Jumamosi." Ulinitazama, ukatazama viatu vyangu, ukasema, "Ingia, utakufa na viatu hivyo," ukanipa vya Lyle. Vikanitosha. Nilitaka kukuuliza pale pale, nikaona umeuma midomo.

Kisha kukawa hakuna nafasi. Siku tatu za upepo ule, kamba kutoka mlangoni hadi bandani, wewe na mkono wako uliofungwa shingoni ukinipigia kelele, "Vuta anaposukuma! Taratibu! Huyo si gego!" Nami nakujibu gego nalo huvutwa taratibu. Yule ndama wa mwisho alipopiga chafya nilikaa kwenye majani nikalia, nawe ukajifanya unatafuta taulo. Asante kwa kujifanya.

Usiku wa pili, uliposinzia kitini, nilibaki peke yangu na kile kiti kitupu cha Lyle. Nikajua kwamba naomboleza. Nimefiwa na mtu ambaye sikuwahi kumwona, na sina pa kupeleka msiba wangu isipokuwa kwako, mwenye msiba mwenyewe. Ni upuuzi, lakini ndivyo ilivyo. Sina kinyongo tena. Nataka kujua tu: katika yale maneno yote, yepi yalikuwa yake?

Hukumaliza msimu wako bila taa, nami sitamaliza picha yangu bila ruhusa yako. Mwezi unapungua. Katikati ya mwezi huu kutakuwa na usiku wa mwisho mzuri kabla Mashuke hayajanipita. Ukikataa nitaelewa.

Royce


22 Mei

Royce,

Ruhusa ulikwisha kuiona kwa macho: taa ilizimika Jumamosi, na Jumapili, na kesho yake pia, toka jua linazama mpaka linachomoza. Ndama wote wako malishoni na mama zao, hakuna wa kumulikia. Sikukuambia kuwa usiku mmoja nilikaa barazani na blanketi na Duchess miguuni. Nilikuwa nimesahau kwamba nyota ni nyingi hivyo. Miaka yote hii nimetazama chini, penye kwato.

Picha imefika. Sikujua ni kubwa kiasi hicho, imebidi niondoe kalenda. Chengachenga zote zimekwisha. Nimezihesabu shanga za ule mstari kwa kidole, halafu nikaona nyuma yake vidoa vingine vidogo, na nyuma ya hivyo vingine, na nikaacha kuhesabu. Zile mbili mfano wa macho ndizo nizipendazo. Moja imejikunja kidogo, kama inamsogelea mwenzake. Nyuma ya picha umeandika zinavutana. Naona.

Sasa swali lako. Nimelitafuna muda wote huu, ndiyo maana nimechelewa.

Yote yalikuwa yake. Mayai ya sakafuni aliyasema juu ya mchoro wa dada yake, miaka ile tulipooana, na dada yake hakumsemesha mpaka Krismasi. Kunuka kwa Hruska alikusema mbele ya Hruska. "Mpe yule mtu saa zake" alikuwa akiniambia kila mgeni alipoomba kitu nami nikaweka mkono kiunoni: mwindaji, mwalimu mpenda ndege wa porini, yule kijana aliyetaka kupiga hema. Mimi sina utani, Royce, waulize watu. Nimeishi na mtu huyo miaka arobaini na moja, nilichofanya ni kumwandikia tu. Kwa hiyo uliyemjua ni yeye. Angekupenda, na angekutania mpaka ukome.

Lile la kama bado zipo ndilo peke yake lililokuwa langu. Jibu lako nimelikunja, liko mfukoni mwa koti.

Kuna kazi moja. Kaburi la Lyle halina jiwe. Majira ya baridi ardhi ilikuwa imeganda, halafu ikaja mitamba, halafu mkono. Hizo ndizo sababu ninazowapa watu. Jumamosi ijayo nakwenda mjini Broken Bow kwa fundi wa mawe. Dada yake anataka kufuatana nami, lakini huyo atachagua lenye malaika, na Lyle angeniinukia kutoka kaburini. Nataka mtu mwenye masikio ya Lyle, nikiuliza "hili je?" aniambie angesema nini. Tena siwezi kuendesha pikapu kwa mkono mmoja, kwa hivyo usidhani ni heshima tupu.

Njoo saa mbili asubuhi, nitakuwa nimeweka kahawa kwenye chupa. Fundi yule ni mdadisi, atakuuliza wewe ni nani kwa marehemu. Mwambie ni rafiki yake. Nami nitakuwa nimesimama hapo hapo, na nitasema ndiyo, ni kweli.

Ardith